Hovakrafti kwenye mto wa mjini: suluhisho la foleni au ndoto ghali?

Julai 26, 2025, jimbo la Oita nchini Japani lilianza tena kusafirisha abiria wa uwanja wa ndege kwa hovakrafti, vile vyombo vinavyokimbia juu ya maji bila kuyagusa sawasawa. Safari inayochukua karibu saa nzima kwa basi, kwa kuzunguka ghuba, sasa inachukua takriban dakika 35 kwa kuikata ghuba yenyewe. Habari hiyo ilipita kimya kimya katika vyombo vingi vya habari. Lakini inaamsha swali ambalo limekuwa likiulizwa tangu miaka ya 1960, na ambalo linahusu kila mji wenye foleni na wenye maji karibu.

Swali lenyewe ni hili: ikiwa barabara zimejaa na maji yako wazi, kwa nini watu wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni wasipitishwe majini kwa chombo chenye kasi ya gari?

Wazo hili hurudi kila baada ya miaka michache, mara nyingi likibebwa na mwanasiasa au mwekezaji mwenye picha nzuri ya kompyuta. Katika makala hii tunaangalia hovakrafti inavyofanya kazi, ilikojaribiwa, kwa nini mito ya mijini imeikataa zaidi ya mara moja, na miji yetu inaweza kujifunza nini kabla ya kutumia fedha za umma.

Chombo hiki kinafanyaje kazi?

Kwa Kiswahili neno "mto" lina maana mbili: maji yanayotiririka, na kile tunacholalia kichwa. Hovakrafti inahitaji maana zote mbili. Ni chombo kinachokalia mto wa hewa ili kipite juu ya mto wa maji.

Feni kubwa ndani ya chombo hupuliza hewa kwenda chini. Hewa hiyo huzuiwa isitoroke haraka na sketi ya mpira inayozunguka chombo kizima. Shinikizo linapoongezeka, chombo huinuka. Kisha rafadha za nyuma, zinazofanana na za ndege, hukisukuma mbele. Kwa kuwa hakuna sehemu ya chombo inayozama, maji hayakizuii kama yanavyoizuia boti ya kawaida. Vyombo vya leo vya abiria vinaweza kukimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa.

Faida yake ya pili haizungumzwi sana, ingawa ndiyo kubwa zaidi. Hovakrafti haihitaji kina. Inapita juu ya maji, matope, mchanga, barafu na hata nyasi zinazoelea. Maji yakipwa na boti zikabaki zimekaa kwenye tope, yenyewe inaendelea na safari na kupanda hadi nchi kavu.

Lakini kila faida ina gharama yake. Boti ya kawaida hubebwa na maji bure. Ukizima injini, inaelea. Hovakrafti hulipia mafuta kwanza ili iinuke, kisha hulipia tena ili iende mbele. Haina breki za kushika chini. Inapokata kona huteleza kwa ubavu, kama gari kwenye tope, na upepo wa ubavuni huisukuma kirahisi. Sketi yake ya mpira huchakaa na kuchanika, na vipande vyake lazima vibadilishwe mara kwa mara. Hata uzito wa abiria na mizigo unapaswa kuhesabiwa kwa umakini unaokaribia ule wa ndege.

Kutoka kopo la kahawa hadi Mlango-bahari wa Uingereza

Mhandisi Mwingereza Christopher Cockerell ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa hovakrafti. Mwaka 1955 alifanya jaribio maarufu akitumia kopo la chakula cha paka lililowekwa ndani ya kopo la kahawa, akipuliza hewa katikati yake na kupima nguvu yake kwa mizani ya jikoni. Miaka minne baadaye chombo cha kwanza kikubwa, SR.N1, kilionyeshwa hadharani, na Julai 25, 1959 kikavuka kutoka Calais nchini Ufaransa hadi Dover nchini Uingereza.

Huduma ya kwanza ya abiria ilianza Julai 1962 kati ya Rhyl, kaskazini mwa Wales, na Wallasey karibu na Liverpool. Chombo kilibeba watu 24. Huduma hiyo ya majira ya joto haikufika mbali. Hali ya hewa na hitilafu ziliivuruga hadi ikakoma mwezi Septemba.

Hata hivyo, dunia iliamini kwamba huu ndio usafiri wa kesho. Kati ya 1969 na 1970 msafara wa Waingereza ulipita Afrika kwa hovakrafti ya aina ya SR.N6, kuanzia Senegal, ukifuata mito na maziwa ya Afrika Magharibi na Kati kwa takriban kilomita 8,000, hadi Kinshasa. Ujumbe wake ulikuwa wazi: mahali pasipo na barabara, mto utatosha.

Kilele kilifikiwa kati ya Dover na Calais. Kuanzia 1968, hovakrafti kubwa za SR.N4 zilivusha abiria na magari kwa takriban dakika 35, na toleo lake kubwa zaidi lilibeba zaidi ya watu 400 na magari yapatayo 60. Safari ya mwisho ilifanyika Oktoba 1, 2000. Njia ya reli chini ya bahari ilikuwa imefunguliwa mwaka 1994, mauzo ya bidhaa bila ushuru yakafutwa mwaka 1999, na mafuta ya kuinua jitu lile hewani yakawa hayalipiki tena.

Leo, huduma inayojulikana zaidi ni ile ya kusini mwa Uingereza, kati ya Southsea na Ryde kwenye kisiwa cha Wight. Kampuni ya Hovertravel imeiendesha tangu 1965. Safari huchukua takriban dakika 10, na wapo wanaoitumia kwenda kazini. Sababu ya kudumu kwake tutaieleza hapa chini, kwa sababu ndiyo ufunguo wa suala zima.

Wiki mbili za Edinburgh

Mfano ulio karibu zaidi na swali letu unatoka Scotland. Mji mkuu wa Edinburgh uko upande wa kusini wa mlango mpana wa Mto Forth. Upande wa kaskazini kuna jimbo la Fife, ambako maelfu ya wafanyakazi huishi na kuvuka kila siku. Wanapita kwenye madaraja yaliyo magharibi mwa jiji: daraja la reli la mwaka 1890 na daraja la barabara lililofunguliwa mwaka 1964. Mtu anayeishi Kirkcaldy anauona upande wa Edinburgh kwa macho, lakini kufika huko lazima azunguke.

Julai 2007 kampuni ya mabasi ya Stagecoach ilikodi hovakrafti yenye nafasi za watu wapatao 130 na kuijaribu kati ya Kirkcaldy na Portobello, kitongoji cha pwani cha Edinburgh. Safari ilichukua takriban dakika 20. Jaribio lilidumu wiki mbili tu. Katika muda huo watu wapatao 32,000 walipanda, na viti vilijaa kwa wastani wa asilimia 85.

Kwa mtu wa usafirishaji, hizo ni namba za kufurahisha. Wapo waliodhani huduma ya kudumu ingefuata mara moja. Haikufuata. Mazungumzo kuhusu fedha, vituo na vibali yalisogea kwa miaka, na mwaka 2011 baraza la jiji la Edinburgh likakataa kutoa kibali cha kujenga kituo Portobello.

Tujiulize kilichotokea. Abiria hawakukosekana, na chombo hakikushindwa. Kilichokwama ni mambo mawili ambayo jaribio la wiki mbili haliwezi kuyapima.

La kwanza ni udadisi. Katika siku za Julai, watu wengi hupanda kwa sababu ni kitu kipya. Swali la kweli ni wangapi watapanda Jumanne ya Januari, saa moja asubuhi, upepo ukivuma na nauli ikiwa ya kila siku. Wastani wa zaidi ya abiria 2,000 kwa siku wakati wa majira ya joto haujibu swali hilo.

La pili ni ardhi. Hovakrafti haihitaji bandari ya kina, lakini inahitaji mteremko mpana wa kupandia, eneo la kugeukia, kituo cha abiria, maegesho na mabasi ya kuwapokea watu. Vitu hivyo vinawekwa ufukweni, na ufukwe wa mjini haukosi wenyewe. Portobello ni mahali watu wanapoishi na kupumzika. Ni rahisi kuipenda hovakrafti unaposafiri nayo mara moja. Ni vigumu kuipenda inapounguruma chini ya dirisha lako mara kadhaa kwa siku.

Kuna somo la tatu, lililokuja baadaye. Desemba 2015 daraja la barabara la Forth lilifungwa kwa wiki kadhaa baada ya kugunduliwa ufa katika chuma chake. Treni zilifurika na safari za barabarani zikarefuka. Katika siku hizo, njia ya tatu ya kuvuka majini ingekuwa na thamani kubwa. Ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya watetezi wa usafiri wa maji: thamani yake haiko katika abiria wa kila siku peke yao, iko pia siku njia nyingine inapokatika. Lakini hoja hiyo ina upande wa pili. Chombo cha akiba kinahitaji kulipiwa siku zote 365 ili kifae siku 20. Mwaka 2017 Scotland ilifungua daraja jipya la Queensferry, na msukumo wa hovakrafti ukapungua zaidi.

Kwa nini mto ni mgumu kuliko bahari

Forth, kwa hakika, ni lango pana la bahari. Tukiingia kwenye mto unaopita katikati ya jiji, matatizo yanaongezeka.

Chukua Thames, London. Mwaka 1963 kampuni ya kuunda meli ya Denny, ya Scotland, ilipeleka huko chombo chake cha D2, aina ya hovakrafti yenye kuta za pembeni zinazoingia majini, kikiwa kimekusudiwa kuwa basi la mtoni la watu wapatao 70. Mwaka huo huo kampuni ikafilisika, na basi hilo halikupata mji wake. Leo abiria wa Thames wanabebwa na boti zenye matumbo mawili za Thames Clippers, huduma iliyoanza mwaka 1999 na ambayo sasa hubeba mamilioni ya watu kwa mwaka.

Kwa nini boti ikafaulu pale ambapo hovakrafti haikufaulu?

Sababu ya kwanza ni mwendo unaoruhusiwa. Katikati ya London, vyombo vingi havitakiwi kuzidi takriban kilomita 22 kwa saa. Boti za kasi huruhusiwa kukimbia zaidi katika sehemu za mashariki tu, ambako mto ni mpana. Sheria hizo zipo kwa sababu ya mawimbi, madaraja na vyombo vidogo. Hovakrafti ikienda polepole hupoteza faida yake kuu. Tena kuna jambo la kifizikia: inapokuwa katika mwendo mdogo, mto wa hewa hukandamiza maji chini yake na kutengeneza wimbi ambalo chombo lazima kilipande kabla ya kuanza kuteleza kwa wepesi. Ukikilazimisha kibaki chini ya kasi hiyo, kinakuwa kama mkimbiaji aliyeambiwa akimbie ndani ya maji ya kiunoni. Kinachoma mafuta mengi na hakifiki mapema.

Sababu ya pili ni kona. Mito ya mijini hupinda, na madaraja yana nguzo. Chombo kinachoteleza kwa ubavu na kusukumwa na upepo kinahitaji nafasi kubwa kuliko boti inayoshikwa na maji. Historia inatukumbusha kwamba hofu hii si ya kubuni. Machi 1985 hovakrafti kubwa iligonga ukuta wa bandari ya Dover katika upepo mkali, na watu wanne wakafa. Hiyo ilikuwa bandari, si mto wenye daraja kila baada ya kilomita moja.

Sababu ya tatu ni kelele. Injini za dizeli zilizochukua nafasi ya zile za mfumo wa ndege kuanzia miaka ya 1980 zilipunguza gharama na makelele kwa kiasi kikubwa, lakini rafadha inayosukuma hewa bado ni rafadha. Baharini sauti hutawanyika. Kati ya majengo ya ghorofa yaliyopanga kingo mbili za mto, sauti hurudi.

Sababu ya nne ni vituo vingi. Usafiri wa mtoni mjini hufanya kazi kama basi: unasimama hapa, unapakia watu wanane, unavuka upande wa pili, unashusha watano. Huko Brisbane, Australia, boti za CityCat zimefanya hivyo tangu 1996. Boti husogea kwenye gati linaloelea na abiria akashuka ndani ya nusu dakika. Hovakrafti hufaa zaidi njia ya vituo viwili: hapa na pale, moja kwa moja, bila kusimama katikati.

Hapa ndipo siri ya kisiwa cha Wight inapofunuka. Njia ni moja na haina vituo vya katikati. Maji ni wazi, kwa hiyo kasi inatumika yote. Ufukwe wa Ryde ni wa mchanga mrefu ambao maji yakipwa hubaki wazi kwa mbali sana. Boti inalazimika kufunga kwenye gati refu mno, ilhali hovakrafti huja hadi karibu na barabara. Na hakuna daraja. Ukiondoa moja ya masharti hayo, huduma hiyo pengine isingefikisha miaka 60.

Nani analipa?

Oita inatufundisha kuhusu fedha. Jimbo hilo lilikuwa na hovakrafti tangu 1971, ikasimama mwaka 2009 baada ya kampuni iliyoiendesha kulemewa na madeni. Serikali ya jimbo ilipoamua kuirudisha, haikumwachia mwekezaji peke yake. Yenyewe ilinunua vyombo vitatu kutoka Uingereza na kujenga vituo. Kampuni binafsi ikapewa kazi ya kuendesha. Hata hivyo, ajali katika kipindi cha mafunzo ya marubani ziliharibu vyombo na kuchelewesha uzinduzi.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, hata nchi tajiri yenye abiria wa ndege wanaoweza kulipa haikuona kwamba nauli peke yake inaweza kununua vyombo. Pili, ujuzi ni haba. Waundaji wa hovakrafti kubwa za abiria duniani ni wachache mno, na vipuri na walimu wa marubani ni wachache vilevile. Mji unaonunua chombo kimoja umenunua utegemezi. Kikiharibika, hakuna cha kukodi jirani.

Sierra Leone inalijua hilo. Uwanja wa ndege wa Lungi uko ng'ambo ya mlango mpana wa mto, mbali na mji mkuu wa Freetown, na kwa barabara ni mzunguko wa saa kadhaa. Kwa ramani, hakuna mahali Afrika panapoifaa hovakrafti kuliko hapo: vituo viwili, maji mapana, abiria wenye haraka. Na katika miaka ya 2000 hovakrafti ilifanya kazi hapo kweli. Huduma iliandamwa na hitilafu na hatimaye ikasimama. Sasa abiria wanavushwa kwa boti za kasi, ambazo fundi wa mashine za kawaida anaweza kuzitengeneza.

Mahali hovakrafti isiposhindwa

Tusiwe wepesi wa kukitupa chombo hiki. Yapo mazingira ambayo hakina mpinzani.

Huko Samara, Urusi, Mto Volga huganda wakati wa baridi. Barafu ikiwa nyembamba, boti haiwezi kupita na mtu hawezi kutembea. Hovakrafti ndogo huwavusha wakazi wa vijiji vya ng'ambo kuja mjini. Hapa hakuna anayeuliza kama ni ghali kuliko boti, maana boti haipo. Huko Madagaska, shirika la HoverAid limetumia hovakrafti kufikia jamii zilizo kando ya mito yenye kina kifupi, ambako gari na mashua vyote hukwama.

Kanuni inajitokeza yenyewe: hovakrafti hushinda pale ambapo njia nyingine haiwezekani, na hushindwa pale ambapo njia nyingine ni polepole tu.

Je, kwetu?

Tuanze na Mombasa. Kivuko cha Likoni hubeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku, kwa mujibu wa takwimu zinazotumika mara nyingi. Chukua hovakrafti ya kisasa yenye viti 80. Kuwavusha watu hao wote kungehitaji safari 3,750 kwa siku. Ukifanya kazi saa 18, hiyo ni safari moja kila baada ya sekunde 17, katika mkondo wa takriban nusu kilomita unaopitwa na meli kubwa za bandari. Kasi haina maana katika umbali huo. Tatizo la Likoni ni wingi wa watu na usalama wao, kama nchi ilivyojifunza kwa uchungu mwaka 1994, MV Mtongwe ilipozama na watu 272 wakapoteza maisha. Feri kubwa, nzima na zisizozidishwa, pamoja na daraja, ndizo zinazogusa tatizo hilo.

Dar es Salaam hali ni ileile. Pantoni ya MV Magogoni imeundwa kubeba abiria 2,000 kwa safari moja. Ni sawa na hovakrafti 25. Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016 limetoa njia nyingine kwa magari, lakini mwenye miguu anayeelekea Kariakoo au Posta bado anataka pantoni isiyoharibika. Na kuhusu mito yenyewe, Msimbazi hautoi njia ya usafiri; kila mvua kubwa inaponyesha, hufurika Jangwani na kuyasimamisha mabasi ya mwendokasi. Pesa ya kuinua daraja na kusafisha bonde hilo inawafaa wasafiri wengi kuliko chombo chochote cha kupaa.

Mji wa wasemaji wa Kiswahili unaofanana zaidi na swali letu ni Kisangani, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mto Kongo unaugawa mji: wilaya nyingine zote ziko ukingo wa kulia, na Lubunga iko peke yake ukingo wa kushoto. Hakuna daraja. Mwanafunzi, mama muuza mihogo na mfanyakazi wa ofisini wanavuka kwa mitumbwi na kivuko. Mto ni mpana, una magugu maji, na kina chake hubadilika kwa msimu. Kwa ramani, hovakrafti inafaa.

Lakini tuulize kinachomsumbua mvukaji wa Lubunga. Si dakika tano za kuokoa. Ni mtumbwi uliojaa kupita kiasi, ukosefu wa maboya ya kujiokolea, giza, na kivuko kinachokosa mafuta au vipuri. Mji ambao kivuko chake cha kawaida hukosa mafuta hautasaidiwa na chombo kinachotumia mafuta mengi zaidi. Maboya, taa, gati imara na feri mbili badala ya moja vingebadilisha maisha ya watu wengi kwa gharama ndogo.

Mahali tunapoona hoja ya kweli ni kwenye uokoaji. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoyafunika maeneo ya Rufiji nchini Tanzania na ya Mto Tana nchini Kenya, maji hayakuwa na kina kimoja. Hapa mita tatu, pale tope hadi magotini, mbele yake mti uliozama. Hayo ndiyo mazingira ya hovakrafti. Vyombo vichache vidogo mikononi mwa kikosi cha uokoaji, vyenye mafundi waliofunzwa, vinaweza kujadiliwa kwa hoja zilizo mbali na za foleni ya asubuhi.

Mpinzani mpya

Wakati hovakrafti ikirudi Oita, chombo kingine kimeanza kuchukua nafasi iliyokuwa ikiitamani mijini. Oktoba 2024 jiji la Stockholm lilianza kujaribu boti ya umeme inayoinuka juu ya mbawa zilizo ndani ya maji, kati ya kitongoji cha Ekerö na katikati ya jiji. Inabeba watu 30 na huenda takriban kilomita 46 kwa saa. Kwa kuwa haitengenezi mawimbi makubwa, ilipewa ruhusa ya kuzidi kikomo cha mwendo, na safari ya dakika 55 ikashuka hadi karibu 30.

Wazo ni lilelile la Cockerell: toa chombo ndani ya maji ili maji yasikizuie. Tofauti ni kwamba kinaenda kwa utulivu, hakichomi dizeli, na kinashikwa na mbawa zake kinapokata kona. Udhaifu wake ni kwamba kinahitaji kina, na hakipendi takataka zinazoelea. Kwa mito mingi ya Afrika huo si udhaifu mdogo. Na watu 30 kwa safari bado ni wachache kuliko basi moja.

Maswali ya kuuliza

Hovakrafti haijafa, na huenda isife. Lakini miaka zaidi ya 60 ya majaribio inatupa maswali ambayo kila mkazi wa mji ana haki ya kuyauliza siku kiongozi atakapotangaza mradi wa aina hii.

Itabeba watu wangapi kwa saa, si kwa safari? Nauli itakuwa sawa na ya basi au ya teksi? Nani atalipa tofauti, na kwa miaka mingapi? Kikiharibika, kipuri kinatoka wapi na kinachukua siku ngapi kufika? Itatua ufukweni kwa nani, na je, wavuvi na wakazi wa hapo wameulizwa? Na swali kuu kuliko yote: fedha hizohizo zingenunua feri ngapi, mabasi mangapi, au mita ngapi za daraja?

Mradi ukiwa na majibu ya maswali hayo, tutakuwa wa kwanza kuufuatilia na kuwaeleza unavyokwenda. Ukiwa na picha ya kompyuta tu, wakazi wa Portobello, Freetown na Oita tayari wameshatuonyesha sehemu ngumu inapoanzia.